Nusu Saa ya Mbinguni kule Gatete

Wiki mbili zilizopita tulimzika Mama Sabina, na mimi nikawaaibisha wajukuu wangu mbele ya watu. Sijutii. Pale makaburini alisimama kijana mmoja wa komini, serikali ya hapa kwetu, suruali imepigwa pasi mpaka inaweza kukata nyanya, akasema, "Tusimame, tumpe mama yetu dakika moja ya kimya." Tukasimama. Simu ikaimba. Mtu akakohoa, mwingine akamnong'oneza mwenzake kama maharage ya matanga yatatosha. Mtoto akalia, akapigwa kofi, akalia zaidi. Sijamaliza kuhesabu pumzi kumi, kijana akasema, "Murakoze, asanteni, tukae." Watu wakakaa. Mimi nikabaki nimesimama, nikasema kwa sauti, na sauti yangu inajulikana kutoka Kigwena mpaka soko la Rumonge: "Hicho ndicho mnakiita kimya? Hapo mmepumzisha meno tu! Huyu mnayemfukia alikaa kimya mbele ya Mungu mpaka sakafu ikafunguka!" Mjukuu wangu wa kwanza, yule anayesoma udaktari Bujumbura (namtaja ili mjue kwamba yupo), akanivuta kitenge. "Nyogokuru, kaa, watu wanakuangalia." Waangalie. Macho ni yao.

Jioni kwenye matanga wakaniuliza, sakafu gani hiyo iliyofunguka. Nikasema nitaiandika. Mimi nilifika darasa la nne, kisha jembe likaniita, lakini kuandika najua, na daftari nimelinunua mwenyewe. Sitawachosha na baba yangu alikuwa nani na mama yangu alitoka kilima gani. Naanza na mwaka mmoja tu, mwaka niliokuwa na miaka kumi na saba, tuliporudi kutoka kambini Tanzania, mimi na Shangazi Tabita. Mambo mengine yaliyokuja nchini baada ya mwaka ule si ya sura hii.

Tulifika Gatete saa tano asubuhi, miguu imejaa vumbi jekundu. Shangazi hakuuliza njia. Alipita katikati ya michikichi kama mtu anayepita jikoni mwake, akafika kwenye nyumba ya matofali mabichi yenye vyumba vitatu vilivyopangana mstari, kimoja upande wa barabara, kimoja upande wa ziwa, kimoja katikati. Paa lilikuwa la mabati mapya. Mlango ulikuwa mpya pia. Aliushika kwanza, akaupapasa kama anayempapasa mtoto wa mwenzake, ndipo akabisha. Akatoka mwanaume mrefu, mwembamba, ana saa ya mkono inayong'aa. Huyo alikuwa Mzee Anatoli. Nyuma yake alisimama mke wake, Mama Sabina, mwiko mkononi.

"Amahoro," akasema shangazi.

"Amahoro, mama. Munatafuta nani?"

"Natafuta mume wangu. Nilimwacha humu ndani."

Mwiko wa Mama Sabina ukadondosha bugali sakafuni. Shangazi akaeleza, bila kupandisha sauti. Miaka ishirini nyuma, asubuhi ya kukimbia mauaji, mume wake Elia alikuwa amelala na homa, na tena alikuwa na mguu mmoja uliovunjika zamani alipoanguka kutoka kwenye mchikichi akikata chikichi, ukaunga vibaya, ukapinda kama mpini wa panga la kienyeji. Asingeweza kukimbia. Alimwambia mke wake, "Panda mtumbwi na wenzako, mimi nitakufuata." Shangazi akapanda. Alimngoja Elia ng'ambo kwa wiki, kwa mwezi, kwa miaka ishirini. Sasa amerudi kuuliza.

Mzee Anatoli alitazama saa yake, kama vile jibu limeandikwa humo. "Mama, mimi nilikuja nyuma. Nilipewa hapa. Nilikuta pori, nyasi mupaka ku dirisha. Sikukuta mutu."

Nataka mlijue hili mapema, kwa sababu watu wengi wamelisema vibaya: shangazi hakurudi kwa ajili ya nyumba. Alitaka mifupa. Alitaka kumzika mume wake na kujua mahali pa kuweka jiwe. Lakini ukienda komini ukasema unatafuta mifupa, hawana karatasi ya mifupa. Wana karatasi ya kiwanja. Kwa hiyo wakaja na kamba, wakapima, wakagawa. Upande wa barabara ukabaki kwa Anatoli, upande wa ziwa ukawa wetu, michikichi ikagawanywa kama karanga. Ilipofika zamu ya chumba cha katikati, Mzee Anatoli akaweka mkono mlangoni. "Hiki muache," akasema. "Kiko na unyevu. Kisiwe cha mutu." Watu wa komini walikuwa na njaa, wakakubali haraka. Kikabaki hakina mwenyewe.

Tukaanza kuishi kama meno mawili yaliyochukiana kwenye taya moja. Majiko mawili, mafagio mawili, njia mbili za kwenda chooni. Lakini kuta za nyumba ile hazikufika juu kwenye bati, zilikomea kwenye mbao, kwa hiyo kila kitu kilipita juu: moshi, harufu, maneno. Kwao walipokaanga ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwa mawese, sisi tulikula bugali letu na mboga za lengalenga huku pua zetu zinakula ndagala. Shangazi alikuwa anaimba kwa makusudi wakati wao wanasali. Mama Sabina naye alikuwa anatwanga mihogo yake ndani ya chumba cha katikati, alfajiri, kinu kinapiga mpaka masufuria yetu yanacheza, kutuonyesha kwamba wao bado wapo. Siku moja nilimsikia akimwambia mume wake, wanakula, "Kwa nini hukutaka tupewe kile chumba? Wewe unayegombania hata jani la mchikichi?" Kisha Mzee Anatoli akajibu neno moja: "Kula."

Miezi mitatu ilipita hivyo, na matusi yakawa yanapanda daraja. Mwisho walitukanana kanisani, baada ya sadaka, mbele ya watoto. Kanisa letu lilikuwa dogo, la miti na udongo, na lilikuwa na mwinjilisti mmoja, Yonasi, mtu mfupi mwenye sauti nene kama ya chura wa kinamasi. Kesho yake alikuja nyumbani, akasimama uani, akaita pande zote mbili. Akasema maneno ninayoyakumbuka kuliko sala yoyote. Alisema kila neno linalotoka vinywani mwenu sasa limeoza, hata amahoro yenu imeoza. Alisema kuna nabii aliyeitwa Habakuki, aliyepanda kwenye lindo lake kungoja Mungu amjibu nini, na mwisho akasema Bwana yuko hekaluni mwake, basi dunia yote ifunge mdomo. Kuna mwingine, Sefania, aliyesema nyamazeni kwa sababu siku iko karibu, karamu imekwisha kutengenezwa na wageni wamekwisha kualikwa. Na katika Ufunuo, muhuri wa saba ulipofunguliwa, mbinguni kwenyewe walinyamaza kama nusu saa. "Kama malaika waliweza," akasema Yonasi, "nyinyi ni nani? Kila siku, saa sita ya mchana, mtakaa nusu saa kimya mbele ya Mungu, nyote, chumba kimoja. Mimi nitakuwa pamoja nanyi. Atakayefungua mdomo, basi kesi na aipeleke mwenyewe juu kwa Mungu."

Shangazi hakuwa mtu wa kumeza mafundisho bila kutafuna. "Mwinjilisti," akasema, "huyo nabii wako alilalamika kwanza. Nilisomewa kambini. Alimlilia Mungu, mpaka lini, mpaka lini, kwa kurasa mbili. Ndipo akanyamaza. Mimi unaninyamazisha kabla sijalalamika."

"Hujalalamika, Mama Tabita? Wewe?" akadakia Mama Sabina. "Hata kuku wangu wamekonda kwa kelele zako!"

"Wamekonda kwa uchoyo wako."

"Mnaona?" akasema Yonasi. "Imeoza."

Wakakubaliana, kwa sababu kila upande uliogopa kuonekana unamkimbia Mungu. Chumba kikawa kile cha katikati, kwa kuwa hakikuwa cha mtu. Nilimtazama Mzee Anatoli wakati huo. Midomo yake ilikuwa imekauka, ikawa na rangi ya majivu. Akasema, "Tukae kanisani, ni bora." Yonasi akasema, hapana, ugomvi upo hapa. Ikabaki saa. Saa ilikuwa moja tu, ile ya mkononi mwa Anatoli, na shangazi akaikataa palepale. "Amekaa na nyumba yangu, sasa akae na nusu saa ya Mungu? Ataikata." Kwa hiyo Yonasi akachukua kopo la nyanya, akalitoboa chini kwa msumari mwembamba, akaenda nalo shuleni kulipima kwa saa ya mwalimu. Likijazwa maji mpaka kwenye mkunjo, linaisha kwa nusu saa. Likaning'inizwa kwenye boriti kwa kamba, chini likawekwa beseni. Maji yalipaswa kutoka ziwani, maana kisima nacho kilikuwa na kesi. Kazi ya kujaza kopo nikapewa mimi, kwa kuwa nilikuwa mdogo na sikuwa na la kusema. Hilo la pili lilikuwa kosa.

Wajukuu wangu wanafikiri vya kutisha vinakuja na giza. Hawajui saa sita ya mchana ya ziwa letu. Upepo wa asubuhi umekwisha kufa, wa jioni haujazaliwa. Milima ya Kongo ng'ambo inafutika, hujui tena ziwa linaishia wapi. Kivuli chako kinaingia chini ya miguu kama kinajificha. Ndege hawasemi. Katika saa hiyo tuliingia chumbani watu watano, tukakaa juu ya mikeka migongo ikiwa ukutani, katikati kopo linadondosha maji. To. Kisha kitambo. To. Mwanzoni nilikuwa na hamu ya kucheka. Siku ya nne nilianza kuona kwamba sakafu pale katikati, chini ya kopo, ilikuwa na baridi. Nje jua linachoma mabati, sisi tunatoka jasho la shingoni, lakini ukinyoosha mguu kuelekea beseni, kisigino kinapoa kama kimeguswa na mkono wa mtu aliyetoka kufua. Kuku wa Mama Sabina, waliokuwa wakiingia popote, hata kanisani, walifika kwenye kizingiti cha chumba kile wakasimama, shingo zimerefuka, wakageuka.

Halafu pumzi. Ukikaa kimya siku nyingi na watu walewale unaanza kuwajua kwa pumzi. Shangazi alikuwa anavuta fupi fupi, kama anayepanda mlima. Yonasi alikuwa anapiga filimbi puani. Mama Sabina alivuta na kushikilia, na mume wake alipumua kwa mdomo, taratibu, kama anayepuliza uji. Ya kwangu naijua. Nilikuwa nahesabu ili nisisinzie. Siku moja, wiki ya tatu au ya nne, nikahesabu sita. Nikarudia. Ilikuwa ndefu, nzito, inakuja kila baada ya matone matatu, na haikutoka kwenye ukuta wowote. Nilimtazama shangazi. Alikuwa ananitazama, macho makavu, na kidole chake kwenye goti kilikuwa kinahesabu. Hatukuulizana. Ungemuuliza nini? Baada ya nusu saa tulitoka, tukachambua maharage, akasema tu, "Yudita, yule nabii alisema wageni wamealikwa. Hakusema wanapitia mlango gani."

Sasa mimi ni mtu mzima, nina wajukuu kumi na mmoja, na nimefikiri sana juu ya chumba kile. Nimeona kwamba kimya hakina sura moja. Ya shangazi ilikuwa kama ya mtu aliyeweka sikio mlangoni. Ya Mzee Anatoli ilikuwa ya mtu aliyeegemeza mgongo kwenye mlango huohuo ili usifunguke. Walikaa wakitazamana, wote wawili wamefunga mdomo, wote wawili wanaonekana wacha Mungu. Yonasi, Mungu amrehemu, aliwasifu sawa. Ndiyo maana simwamini mtu anayenyamaza vizuri kanisani. Namngoja kwanza nione anasikiliza au anaegemea. Lakini nilisema kimya kimoja kati ya hivyo viwili ni cha Mungu na kingine si chake, nikamwambia Mama Sabina miaka mingi baadaye, na yeye akanikatalia. Alisema, "Kama kile cha Anatoli hakikuwa mbele ya Mungu, kwa nini kilimkondesha?" Na kweli mzee alikonda. Kila wiki saa yake ilishuka kuelekea kiwiko alipoinua mkono. Usiku, juu ya ukuta, sikumsikia akikoroma tena.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa msimu wa kukamua mawese. Tangu asubuhi nilikuwa nakanyaga chikichi zilizochemshwa, miguu myekundu mpaka magotini, na saa sita ikanikuta sijanawa. Yonasi ameshafika, shangazi ananiita, "Yudita we! Unataka malaika wakungojee?" Nikashika kopo kwa mikono yenye mafuta, nikalisuuza haraka kwenye ndoo tuliyokuwa tunaoshea makapi, nikakimbia kulijaza maji ya ziwa, nikalitundika, nikakaa. Kopo likaanza. To. To. Halafu likanyamaza.

Nilifikiri masikio yangu ndiyo yameziba. Nikatazama juu. Tone lilikuwa limening'inia kwenye tundu, jekundu kidogo, linatetemeka, halianguki. Kopo limejaa. Watu wote wakainua macho, mmoja mmoja. Hakuna aliyeweza kusema kitu, maana nusu saa haijaisha, na haikuwa inakwenda. Jamani, mmewahi kukaa mahali ambapo wakati umesimama na huna ruhusa ya kuuliza kwa nini? Bati lililia mara moja kwa joto, likaacha. Ziwa halikupiga ufuko. Filimbi ya puani mwa Yonasi ilikatika. Tulikaa kipande cha muda ambacho mpaka leo siwezi kukipima, jua likahama kutoka kwenye kidirisha, likapanda ukutani, mguu wangu ukafa ganzi, ukaamka, ukafa tena. Na ile pumzi ya sita ikaendelea peke yake, kama sisi wengine tumeazimwa zetu.

Mzee Anatoli alimtazama shangazi, na shangazi hakuondoa macho. Halafu akajivuta kwa magoti, polepole, mpaka katikati ya chumba, akasukuma beseni pembeni, akaanza kukwangua sakafu kwa kucha. Udongo ulikuwa umeshindiliwa, kucha zikavunjika, akaendelea. Shangazi akajivuta akapiga magoti mbele yake, akaanza kukwangua naye. Na mimi. Na Yonasi, kwa kifuniko cha sufuria. Mama Sabina alibaki ukutani, viganja viwili mdomoni, macho yametoka kama ya samaki wa mukeke aliyekaangwa mzima. Tulichimba kimya, kwa sababu kopo bado limejaa, na hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kuharibu. Mkono wangu ndio uliogusa blanketi. Lilikuwa blanketi la kijivu, limebaki nyuzi nyuzi. Shangazi aliinua kona, akatazama, akaingiza mkono, akatoa mfupa wa mguu. Ulikuwa umepinda kama mpini wa panga la kienyeji. Aliuweka mapajani.

Na hapo juu yetu, to.

Kopo likaanza tena. To. To. Maji yakawa yanaanguka kwenye udongo tuliouchimbua. Tukakaa na Elia kuzunguka shimo mpaka tone la mwisho, kama tulivyoagizwa. Lilipoanguka, mtu wa kwanza kufungua mdomo alikuwa Mama Sabina, na alipiga ukelele uliowatoa watu shambani.

"Anatoli! Mimi nimetwanga mihogo juu ya mutu? Miaka yote hii nimetwanga juu ya mutu? Na umekula ule unga!"

"Sabina..."

"Umekula, ukaniambia tamu!"

Mzee Anatoli akamgeukia shangazi. Sauti ilitoka kwa shida kama mlango uliokwama. Alisema nyasi zilikuwa kweli mpaka dirishani, lakini ndani ya chumba hiki alimkuta mtu amelala, amekufa zamani, paa limemwangukia. Hakumjua. Alimfunika kwa blanketi lake mwenyewe, alilokuwa nalo moja, akamchimbia palepale alipolala, akashindilia. "Ningesema, nani angeniamini? Wakati ule, mwenye kukutwa na maiti ndiye alikuwa muuaji. Nikasema nitangoja kidogo. Neno likakua, mama. Likakua, likawa kubwa kuliko mdomo. Siku ulipobisha ukasema ulimwacha humu ndani, nilitaka kufa mlangoni."

Shangazi akaweka mfupa chini kwa uangalifu. Akainuka, akamzaba kofi lililogeuza kichwa chake. Kisha akavua kitenge chake cha juu, kile kizuri cha kurudia nyumbani, akaanza kukunja mifupa ndani yake, mmoja mmoja, akasema, "Asante kwa blanketi." Hayo yalitoka kwa mwanamke mmoja, katika dakika moja. Msiniulize lipi lilikuwa la kweli.

Nilipokwenda kumwaga beseni niliona uzi wa chikichi, mfupi kama ukope, unaelea. Nilielewa palepale: makapi ya ndoo yangu ndiyo yaliyoziba tundu la kopo. Nikaumwaga, sikusema. Gatete nzima ilisema Mungu alisimamisha maji, Yonasi alihubiri hivyo mpaka Kabonga, na mimi nikawa natazama vidole vyangu. Nilikuja kumwambia Mama Sabina nikiwa tayari nina watoto wanne, tunachambua ndagala pamoja, kwa sababu lilikuwa linanikereketa. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Yudita, mutoto wangu, kwani ulitaka Mungu atumie nini? Nyundo?" Kisha akasema, "Na pumzi? Hiyo nayo ilitoka kwenye ndoo yako?" Kumbe naye alikuwa anahesabu.

Tulimzika Elia siku ya tatu, nyuma ya nyumba, upande wa ziwa. Mzee Anatoli alichimba kaburi peke yake, akakataa msaada. Yonasi aliomba, watu walikula, wakaenda. Asubuhi yake niliamka shangazi hayupo kwenye mkeka. Nilimkuta kaburini, amekaa kwenye kigoda, mgongo umenyooka, anaongea. Hakuwa analia wala kuomba. Alikuwa anamweleza mume wake habari. Alianza na mtumbwi: nani alikaa wapi, nani alitapika, mzee gani alitupa ngoma yake majini. Akaja kambini, mvua ya kwanza, nyumba ya nyasi iliyoungua, jinsi alivyojifunza kula mahindi ya njano. "Yule mbuzi wako sikuweza kumbeba, Elia, usinilaumu, nilikuwa na mikono miwili." Alimtajia waliokufa, akamtajia waliozaliwa, akamtajia mwanaume mmoja aliyetaka kumwoa na sababu mbili za kumkataa, ya pili ikiwa kwamba alinuka miguu. Akamgombeza. "Ulisema utanifuata. Nimekaa pale ufukoni kama mjinga, kila mtumbwi ukija nasimama. Unajua nimesimama mara ngapi? Mpaka lini, Elia? Mpaka lini?"

Jua lilipanda, hakuhama. Nilimletea uji, ukapoa. Upande wa pili wa ua Mzee Anatoli na Mama Sabina walikuwa wamekaa kizingitini, hawakuwasha jiko, hawakwenda shamba. Walisikiliza yote. Sauti ya shangazi ikaanza kukwaruza, ikawa nyembamba, ikawa mnong'ono, na bado akasema: bei ya mihogo, jina la mchungaji wa kambi, rangi ya mlango aliokuta nyumbani kwake. Ilikuwa inakaribia saa sita. Nilikuwa natoka ziwani na ndoo ya maji kichwani, nikafika nyuma yake. Alivuta pumzi, akafuta midomo kwa kiganja.

"Haya," akasema. "Mimi nimemaliza. Sasa sema wewe."

Akakunja mikono mapajani, akainamisha sikio kidogo kuelekea kwenye udongo, akangoja. Kule kizingitini Mzee Anatoli akavua kofia. Na mimi nikasimama palepale nilipofika, shingo inauma, maji yananidondokea begani, sikuthubutu kuitua ndoo.